Nje ya Geti la Mwendokasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maeneo ya Umma ya Vituo

Mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, yalianza kubeba abiria Dar es Salaam Mei 2016, kwenye njia ya kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Baada ya hapo ujenzi ukaelekea Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta. Habari nyingi tunazosoma ni za mabasi yenyewe: idadi yake, ubovu wake, msongamano wa asubuhi. Maswali yaliyokusanywa hapa yanahusu kile ambacho abiria anakikuta akishashuka na kupita geti. Huko nje ndiko wengi wetu tunakotumia muda wa kusubiri, kununua, kuvuka na kutafuta usafiri wa kumalizia safari, na huko ndiko ambako hakuna mtu mmoja anayewajibika.

Eneo la umma la kituo ni lipi hasa?

Ni kila mahali abiria anapopita au kusimama kati ya geti na mlango wa nyumbani au kazini kwake, palipo karibu na kituo. Hapo kuna vivuko vya pundamilia, njia za waenda kwa miguu, mitaro na vifuniko vyake, kijiwe cha bodaboda, sehemu ya daladala na bajaji, na vichochoro vinavyoingia mtaani. Wapangaji miji mara nyingi hupima mwendo wa dakika tano kwa miguu, yaani kama mita 400 kila upande. Vituo vya katikati ya barabara, mfano Manzese au Magomeni Mapipa, vina eneo jembamba na refu. Vituo vikuu kama Kimara na Gerezani vina eneo pana, na hekaheka zake ni kubwa zaidi.

Eneo hilo ni la nani?

Wenyewe ni wengi. Kituo na njia ya mabasi viko chini ya DART, wakala wa Ofisi ya Rais TAMISEMI. Barabara ya Morogoro, inamopita njia ya Kimara, ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu ulio chini ya wizara yenye dhamana ya ujenzi. Ukikunja kuingia barabara ya mtaani umeingia kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa 2017. Usafi, masoko, ushuru na sheria ndogo ni kazi ya halmashauri. Leseni za bodaboda na bajaji zinatokana na kanuni za LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Nguzo ya umeme ni ya TANESCO, bomba la maji ni la DAWASA, na magari yanaongozwa na askari wa usalama barabarani.

Halafu kuna mipaka. Njia ya Kimara hadi Kivukoni inapita halmashauri tatu: Ubungo, Kinondoni na Jiji la Dar es Salaam, ambalo hadi 2021 eneo lake lilikuwa Manispaa ya Ilala. Njia ya Mbagala inaingia Temeke. Kila halmashauri ina baraza lake la madiwani, sheria zake ndogo na mgambo wake. Mama lishe anayehamisha meza yake vituo vichache kuelekea mjini anaweza kujikuta chini ya utaratibu mwingine kabisa, kwa barabara ileile na wateja walewale.

Tazama kifuniko kimoja cha mtaro kilichovunjika mbele ya kivuko. Aliyejenga mtaro ni mamlaka ya barabara. Aliyeuziba ni taka za chakula na chupa, ambazo kuzizoa ni kazi ya halmashauri. Anayetumbukia ni abiria wa DART. Kila ofisi ikiulizwa inaweza kujibu kwa haki kabisa kwamba sehemu yake imekamilika, na kifuniko kikabaki kimevunjika hadi masika.

Nikiona taa imezimika au kivuko kimefutika, nimwambie nani?

Anza serikali ya mtaa. Mwenyekiti na afisa mtendaji wa mtaa hawana bajeti ya taa, lakini barua yao ina uzito kuliko simu yako. Andika jina la kituo, upande wa barabara na alama iliyo jirani, weka na picha. Omba nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kisha peleka nakala nyingine kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Kama tatizo liko ndani ya geti au kwenye njia ya mabasi, peleka DART moja kwa moja.

Machinga anaruhusiwa kufanya biashara mbele ya kituo?

Kwa kawaida eneo hilo ni hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kujenga au kupanga bidhaa humo bila kibali cha mamlaka ya barabara ni kosa, na sheria ndogo za halmashauri nazo zinakataza kuziba njia ya waenda kwa miguu. Hilo ndilo jibu la kitabuni.

Ukweli wa barabarani umekuwa ukibadilika na nyakati. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwagawia wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, na mwenye nacho akawa na amani ya kufanya biashara karibu popote. Mwaka 2021 upepo ukageuka: Rais Samia aliagiza machinga wapangwe vizuri, na kufikia Oktoba vibanda vya kando ya barabara nyingi za Dar vilikuwa vinabomolewa, wenyewe wakielekezwa kwenye masoko. Kitambulisho hakikuwa kimempa mtu mita moja ya ardhi anayoweza kuionyesha. Kilimpa ruhusa ya kuwepo bila kumwambia akae wapi, na ruhusa ya namna hiyo huondoka siku ileile maelekezo yanapobadilika.

Si ingekuwa rahisi kuwaondoa wote na eneo likabaki safi?

Imejaribiwa. Baada ya 2021 wapo waliobaki masokoni, na wapo waliorudi kwa sababu mteja hakuhama nao. Mteja wa kituoni ni mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni, anataka nyanya za shilingi elfu, vocha na maandazi ya asubuhi, na ana dakika tatu kabla bajaji haijajaa. Huyo hataingia soko la ghorofa lililo mtaa wa tatu. Machinga Complex ya Ilala, iliyokamilika 2010, imelithibitisha hilo kwa miaka mingi: vizimba vilijengwa kwa fedha nyingi, lakini njia ya wapita kwa miguu haikuwa hapo.

Kuna na suala la usalama ambalo wanaotaka eneo tupu hawalipi uzito. Mama anayekaanga mihogo saa tatu usiku, taa yake ikiwaka, ndiye anayemfanya binti anayeshuka basi la mwisho asitembee peke yake. Ukimwondoa yeye, lazima umlipe mlinzi na uweke taa. Hiyo ni gharama, na ni vizuri ihesabiwe kabla ya kuleta katapila.

Hili halina maana kwamba kila mtu akae popote. Njia ikizibwa, mama mwenye mtoto mgongoni hushuka barabarani na kupishana na magari, na hapo biashara ya mtu mmoja imekuwa hatari kwa mwingine. Nafasi inatosha wengi kama itapimwa na kugawanywa mapema.

Nafasi igawanyweje basi?

Kwa futi kamba, mchana kweupe, wahusika wote wakiwepo. Chukua njia ya waenda kwa miguu yenye upana wa mita tatu. Viti viwili vya magurudumu vinahitaji mita 1.8 ili vipishane bila kugongana. Hiyo iwe haki ya wapita njia na isiguswe na mtu yeyote, awe machinga, mwenye duka au ofisi yenye bango. Inabaki mita 1.2. Meza ya sentimita 60 inaingia upande mmoja tu, tena upande wa ukuta au wa mtaro uliofunikwa, ili mteja naye apate pa kusimama. Meza pande zote mbili haziwezekani kwa upana huo, hata wenye meza wangekuwa wema kiasi gani.

Baada ya kupima, chora mstari wa rangi chini. Mstari unaoonekana humaliza ugomvi mwingi kwa sababu mgambo, machinga na abiria wote wanauona. Mbele ya geti na mwanzoni mwa kivuko pasiwe na meza kabisa, maana hapo watu husimama kwa wingi wakisubiri kuvuka. Vyakula vya moto vikae karibu na maji na mahali pa kumwaga maji machafu. Na nafasi zitolewe kwa namba na jina la mfanyabiashara mwenyewe. Bila hivyo, baada ya mwezi mmoja utakuta mtu mmoja anakodisha meza kumi kwa wenye shida kuliko yeye.

Na bodaboda na bajaji?

Wapewe kijiwe kinachojulikana, chenye idadi ya vyombo na kiongozi, kisiwe zaidi ya hatua chache kutoka abiria wanapotokea. Ukiwapeleka mbali watarudi getini, na abiria ndiye atakayewaita. Kosa linaloudhi zaidi ni pikipiki kuegeshwa kwenye mteremko uliowekwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, pale kingo ya barabara inaposhuka. Ni mahali panapoonekana patupu na pazuri kwa kuegesha, na ndipo mlango pekee wa mtu asiyeweza kupanda kingo. Vyama vya bodaboda vyenyewe vinaweza kulisimamia hili vizuri kuliko askari, vikipewa heshima ya kushirikishwa tangu mwanzo.

Watu wenye ulemavu wanalindwa na sheria gani?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo na huduma za umma zifikike. Vituo vya mwendokasi vilijengwa na njia za mteremko na sakafu iliyo sawa na sakafu ya basi, jambo la kusifiwa. Lakini mnyororo unakatika nje. Mtu anaweza kupanda basi kwa kiti chake Kimara, akashuka mjini vizuri, kisha akakwama kwenye mchanga na nguzo mita ishirini kutoka kituoni. Ukaguzi wowote wa kituo ufanywe na mtu anayetumia kiti cha magurudumu na mtu asiyeona, wakitembea safari yote hadi mtaani.

Vyoo?

Viwepo, viwe na maji, vifunguliwe hadi basi la mwisho. Mahali penye maelfu ya abiria, mama lishe na madereva wanaoshinda hapo kutwa, choo ni sehemu ya kituo kama lilivyo geti. Kikundi cha vijana au wanawake kinaweza kukiendesha kwa ada ndogo kwa mkataba na halmashauri.

Nyumba yangu iko karibu na njia mpya na imewekwa alama ya X. Ina maana gani?

Kwa utaratibu uliozoeleka, X nyekundu inamaanisha jengo linahesabika kuwa limevamia hifadhi ya barabara na halina fidia, na X ya kijani inamaanisha liliguswa na upanuzi wa hifadhi wa 2007, hivyo mwenyewe anastahili kulipwa kabla ya kuondolewa. Usibaki na rangi tu. Uliza kwa maandishi umehesabiwa kundi gani na kwa kipimo kipi, kwa kuwa vipimo havikuwa sawa kila mahali. Wakazi wa Kimara hadi Kiluvya, ambao nyumba zao zilivunjwa 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, wanajua tofauti ya mita chache inavyoweza kuamua maisha ya familia.

Kama unastahili, Ibara ya 24 ya Katiba inataka fidia inayostahili. Sheria za ardhi zinahesabu thamani ya ardhi na majengo, na juu yake posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, pamoja na faida uliyopoteza kama ulikuwa na biashara. Mpangaji mwenye biashara asikae kimya akidhani fidia ni ya mwenye nyumba peke yake. Hakikisha jina lako na biashara yako vimeandikwa siku ya uthamini.

Kituo kimeleta bei kubwa za viwanja na kodi za fremu. Eneo la umma linapata nini?

Kwa sasa, kidogo sana. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme wa malipo ya kabla wa LUKU, kwa kiwango kimoja kwa nyumba za kawaida. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi. Ni rahisi kukusanya, lakini nyumba iliyo mlangoni mwa kituo inalipa sawa na iliyo kilomita kumi porini. Fedha za umma zimejenga kituo, kiwanja cha jirani kimepanda bei, na nyongeza hiyo imekwenda mfukoni mwa mwenye kiwanja. Naamini halmashauri zingeweza kuanza na kitu kilicho mikononi mwao: mwekezaji anayeomba kibali cha kujenga ghorofa nyingi karibu na kituo atakiwe kujenga na kutunza njia ya waenda kwa miguu, taa na kivuli mbele ya jengo lake, na sharti hilo liandikwe kwenye kibali.

Je, mradi wa usafiri unaweza kuchukua soko?

Swali hili halikutoka hewani. Julai 2024 wafanyabiashara wa soko la Simu 2000, Sinza, waligoma kupinga mpango wa eneo lao kutumika kwa karakana ya mabasi yaendayo haraka. Karakana inahitajika, hasa kwa kuwa ile ya Jangwani imekuwa ikizingirwa na maji ya Mto Msimbazi kila mvua kubwa zinaponyesha. Lakini wafanyabiashara hawakupaswa kujikuta wakilitetea eneo lao kwa kufunga vibanda. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inatoa nafasi ya wananchi kusikilizwa wakati mpango wa matumizi ya ardhi unapoandaliwa. Mkutano ukifanyika wakati mchoro bado ni wa penseli, watu huleta maeneo mbadala. Ukifanyika baada ya mkataba kusainiwa, watu hupewa taarifa tu.

Kuna mji wowote uliofanikiwa kuweka pamoja usafiri na biashara ndogo?

Durban, Afrika Kusini, una mfano wa kusoma kwa makini. Warwick Junction ni mahali ambapo treni, mabasi na taksi za abiria hukutana, na wafanyabiashara kwa maelfu hufanya kazi humo. Miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuisha, manispaa iliweka ofisi ya mradi hapohapo eneoni na kuunganisha idara zake: usafi, afya, barabara, biashara. Maofisa walikaa na kila kundi la wafanyabiashara kwa zamu. Wauzaji wa dawa za asili waliokuwa wakikaa kando ya barabara walipata soko juu ya kipande cha barabara ya juu ambacho ujenzi wake ulikuwa umeachwa. Wapika vichwa vya ng'ombe, kazi yenye moto, mafuta na maji machafu, walitengewa mahali penye maji na mifereji badala ya kufukuzwa.

Mafanikio hayo hayakuwa na kinga. Mwaka 2009 manispaa hiyohiyo ilipanga kujenga duka kubwa la kisasa mahali pa soko la alfajiri la eneo hilo. Wafanyabiashara walipinga hadi mahakamani, na mwaka 2011 baraza likaufuta mpango. Makubaliano mazuri yanahitaji kuandikwa kwenye sheria ndogo, maana ofisa mwema huhamishwa.

India walikwenda hadi ngazi ya sheria ya nchi. Sheria yao ya 2014 ya wafanyabiashara wa barabarani inaunda kamati za kila mji ambamo wafanyabiashara waliochaguliwa na wenzao hawapungui asilimia 40, theluthi ya hao wakiwa wanawake, na inakataza kuwaondoa watu kabla ya sensa yao kukamilika. Utekelezaji unatofautiana kati ya mji na mji, lakini mfanyabiashara ana karatasi ya kushika mkononi.

Kwa Dar es Salaam, nani asimamie?

Msimamo wetu ni kamati moja kwa kila kituo kikuu, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina na namba ya simu iliyobandikwa getini. Halmashauri iongoze, kwa sababu ndiyo yenye sheria ndogo na madiwani wanaochaguliwa. DART, TANROADS, TARURA na polisi wawe na wajumbe wenye mamlaka ya kuamua, si wa kuandika muhtasari na kwenda kuuliza ofisini. Machinga, mama lishe, bodaboda, watu wenye ulemavu na serikali ya mtaa wachague wajumbe wao wenyewe.

Kamati bila fedha ni baraza la malalamiko. Sehemu ya ushuru wa meza, maegesho, mabango na vyoo ya kituo hicho ibaki kwa ajili ya kituo hicho, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi: kiasi kilichokusanywa, kifuniko kilichonunuliwa, taa iliyobadilishwa. Anayelipa ushuru wa kila siku akiona taa juu ya kichwa chake imewashwa na ushuru huo, atakuwa wa kwanza kumkemea anayeiharibu.

Haya yanahusu na stesheni za SGR, reli ya kisasa?

Yanahusu, kwa haraka zaidi. Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na Dodoma Julai mwaka huohuo. Stesheni zake zina ardhi kubwa na uzio, na msongamano unahamia nje ya lango: teksi, bajaji, wabeba mizigo, wauza maji. Morogoro na Dodoma bado zina nafasi ya kupanga kabla vibanda vya kwanza havijawa mtaa. Miaka michache ikipita, kazi ya kupima itakuwa imegeuka kazi ya kubomoa.

Mimi ni mkazi tu. Nianzie wapi, na lini?

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Mei limechelewa. Kati ya Septemba na Desemba, tembeeni watu watano au sita kutoka geti hadi mtaani, wawepo mfanyabiashara, dereva wa bodaboda na mtu mwenye ulemavu. Andikeni mambo matatu tu yanayoumiza zaidi, kwa mfano kivuko, taa, kifuniko. Yapelekeni mkutano mkuu wa mtaa yaingie kwenye muhtasari, kisha mkabidhini diwani muhtasari huo kabla ya kikao cha kamati ya maendeleo ya kata. Bajeti ikipita, nendeni ofisi ya kata mkaulize kama yamo, na kwa kiasi gani.